Sebule Tupu kwa Mama Mkubwa

Kuna sauti moja ambayo hadi leo ikinifikia naacha kila ninachofanya: miguu ya kochi ikiburutwa juu ya saruji. Juzijuzi jirani yetu wa huku chini ya mteremko alifiwa na mkwewe. Nilikuwa jikoni naosha sambaza, vile visamaki vyetu vya ziwani. Kilio kilikuwa hakijaanza, wala hakuna mtu aliyekuwa akikimbia, ila nilisikia kochi likikwaruza sakafu na wanaume wakiambizana, "Inamisha upande yako, inamisha," na papo hapo nikajua. Nilinawa mikono nikatoka hadi mlangoni, nikarudi, nikatoka tena. Mume wangu aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia sitafuti kitu.

Wenzangu mliokulia huku mnajua ninachosema. Hapa Bukavu, na hata Goma nilikozaliwa, mtu akifa, kazi ya kwanza ni kutoa vyombo sebuleni. Makochi, meza, kabati la sahani, vyote vinapelekwa uani au kwa jirani. Chini panatandikwa mikeka na magodoro, na wanawake wanakaa hapo, wanalala hapo, mpaka mazishi yapite. Mtoto wa kwetu analifahamu jambo hilo kabla hajajua kusoma. Hakuna anayemweleza. Anaona tu kwamba sebule ikiwa tupu, kuna mtu hayupo tena.

Na kuna jambo la pili. Habari ya kifo haitolewi kwa mtu mwenye njaa. Ukifika mahali watu wakakupokea kwa upole usio wa kawaida, wakakuletea sahani na kukwambia "kula kwanza," basi jiandae. Utakula, utanawa, halafu mkubwa mmoja atakohoa na kuanza kuzunguka kwa maneno. Niliyaona hayo yakimpata papa yangu aliporudi safari akakuta baba yake amefariki. Alipewa kuku, akala vizuri, akalamba na vidole, kisha akauliza kwa furaha mbona leo nyumba imejaa watu. Tangu siku ile nikawa naogopa sahani nzuri.

Basi nilikuwa bado shule ya msingi nilipoletwa Bukavu kwa likizo ya Noeli, kwa dada mkubwa wa mama yangu. Mama mkubwa alikaa Kadutu, kwenye mteremko ambao ukiangusha chungwa mlangoni kwako linaokotwa na watu usiowajua. Siku za mwanzo nilifurahi sana. Halafu nikachoka. Goma ni tambarare, mtoto anakimbia anakotaka. Hapa kila kitu kilikuwa kupanda na kushuka: kushuka sokoni, kupanda na bidoni la maji, kupanda tena kanisani. Binamu yangu Furaha, aliyekuwa msichana mkubwa tayari, alipanda vilima vile kama mbuzi huku akinicheka. Nikaanza kuuliza kila asubuhi narudi lini. Nilimtaka mama, na nilimtaka mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, ambaye nilipokuwa naye nilimwona msumbufu tu.

Likizo ikaisha, nami nikashikwa na malaria. Wenzangu wakarudi darasani, mimi nikabaki kwenye kitanda cha Furaha nikimeza vidonge vichungu. Nilipopata nguvu, ikapangwa nipande boti ya Jumamosi. Nilifunga mfuko wangu mwenyewe mapema mno, nikauweka kwenye korido karibu na mlango, na kila aliyepita akajikwaa.

"Toa huu mufuko hapa," mama mkubwa alisema.

Niliusogeza kidogo tu, usije ukasahauliwa.

Jumamosi ilikuwa karibu kabisa nilipoamka asubuhi moja na kumkuta baba mkubwa, mume wa mama mkubwa, amesimama uani na suruali na singlendi, redio begani, sikio limebanwa kwenye spika. Mama mkubwa alikuwa amekaa juu ya bidoni, ungo wa mchele miguuni, mikono kichwani. Aliponiona aliishusha haraka.

"Kuko nini?" nikauliza.

"Volkano ya kwenu imepasuka," baba mkubwa akasema. "Moto imeshuka mpaka katikati ya muji."

"Papa Furaha!" mama mkubwa alimkemea, na redio ikazimwa.

Sikushtuka hata kidogo. Sisi watoto wa Goma volkano tuliiona kila jioni, wekundu fulani juu ya mlima, kama jiko la jirani ambaye hajamaliza kupika. Sikujua kwamba kitu kile kinaweza kutembea barabarani. Niliuliza lile lililonihusu mimi.

"Boti ya Jumamosi itaenda?"

"Hakuna boti inaenda Goma."

"Na ya siku ingine?"

"Mama, wacha kwanza maulizo," mama mkubwa alinijibu, na akaingia ndani bila kumaliza kupepeta mchele wake.

Leo najua walichokuwa wanakijua wao. Moto ulikuwa umekata mji vipande viwili. Watu walikuwa wamekimbia kila upande, wengine wamevuka mpaka, wengine wameshika njia ya Sake, waume huku, wake kule, watoto mikononi mwa watu wengine. Simu za mkononi zilikuwa za wachache na hazikushika. Redio iliacha muziki wa kucheza, ikapiga nyimbo za kanisa tangu asubuhi hadi jioni, na nchi ambayo vita vilikuwa vimeigawa vipande vipande ikawa yote inaulilia mji mmoja. Mtaa wetu wa Goma ulikuwa umeungua wote. Hilo baba mkubwa alilisikia kutoka kwa abiria wa kwanza waliofika, naye akamwambia mkewe jikoni. Hakuna aliyeniambia mimi. Na wangeniambia nini? Kama mama yangu yu hai au amekufa, wao wenyewe hawakujua.

Lakini mtoto asipoambiwa kitu huwa hakai hivyo hivyo. Anakusanya. Niliona majirani wanawake wakija kumsalimia mama mkubwa kwa sauti ndogo, na kila mmoja wakati wa kutoka alinipapasa kichwani na kusema, "Pole, mama." Pole ya nini? Malaria ilikuwa imekwisha. Niliona mama mkubwa na mumewe wakitelemka kila siku hadi beach, ndivyo tunavyoziita bandari zetu za ziwani, na wakirudi, kabla ya kuvua viatu, mama mkubwa ananitafuta kwa macho kisha anayaondoa. Hamu ya kutoka ikanishika vibaya. Nilipanda mpaka barabarani, nikashuka, nikapanda tena. Furaha aliyekuwa akinicheka sasa alinifuata kimya, na hilo nalo lilinisumbua.

Kisha ikaja ile sahani.

Ilikuwa saa za mchana. Mama mkubwa aliniita jikoni akaniwekea bugali, sombe ya majani ya muhogo, na juu yake yai zima. Katika nyumba ile yai zima lilikuwa la baba mkubwa peke yake. Sisi wengine tulilifahamu likiwa limechanganywa na nyanya na vitunguu hadi hujui kama ulilipata. Nikaliangalia. Lilikuwa jeupe, limemenywa vizuri.

"Kula, mama yangu," mama mkubwa akasema. "Kula kwanza."

Nikarudisha mikono nyuma.

"Siko na njala."

"Kidogo tu."

"Siko na njala, mama mukubwa."

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Wakiniambia lazima niwe nimekula. Basi nisipokula hawawezi kuniambia, na wasiponiambia mama yangu hajafa. Niliiona ni hesabu safi kabisa, isiyo na kosa, na nikashangaa kwa nini papa hakuifikiria siku ya kuku wake.

Mama mkubwa alinishika shingo kuona kama homa imerudi. Jioni akaleta uji wenye sukari nyingi, nikakataa. Kesho yake akaleta sambaza zilizokaangwa zikakauka, zile nilizokuwa nikimwomba tangu Noeli bila kupata. Kadiri alivyoniogopea ndivyo alivyopika vizuri, na kadiri alivyopika vizuri ndivyo nilivyozidi kuwa na hakika. Msidhani nilifunga kama mtawa. Nilikula ndizi kwa watoto wa jirani, nikalamba sufuria Furaha alipogeuka. Chakula cha kuiba nilikiona hakina ubaya, kwa sababu hakuna mtu aliyenipa.

"Mutoto hakule," nilimsikia akimwambia mumewe. "Ni kama roho yake inajua."

Roho yangu inajua nini? Niliondoka pale dirishani nikaenda kukaa juu ya mfuko wangu.

Ndipo asubuhi moja nikasikia kochi likikwaruza sakafu.

Nilitoka chumbani mbio. Baba mkubwa na jirani mmoja walikuwa wameshika lile kochi refu, wanainamisha lipite mlangoni. Meza ilikuwa tayari uani. Furaha anabeba mito. Wanawake wa mtaa wanaingia mmoja mmoja, huyu na godoro kichwani, huyu na mkeka, mwingine na sufuria kubwa ile ya sherehe na misiba. Nje wanaume wanafunga turubai kwenye miti. Hakuna aliyelia. Mimi nilijua sababu: hawawezi kulia mpaka mimi nile.

Nilimshika Furaha mkono. "Nani amekufa?"

Akatazama upande wa mama yake. "Usiulize mambo kama hayo," akasema, akaenda zake na mito yake. Baadaye sana aliniambia kwamba yeye mwenyewe aliogopa swali lile lisije likaleta bahati mbaya.

Siku ile hasira ilinishika ambayo sijui ilitoka wapi. Sikulia. Nilijua nikitoa chozi moja tu, nimekubali. Nilingoja majirani watawanyike, mama mkubwa na mumewe washuke beach, na Furaha aende maji, nikaanza kurudisha vyombo. Viti vidogo niliviburuta kimoja kimoja nikavipanga juu ya magodoro. Meza ndogo nikaiingiza. Mito nikairusha ndani. Halafu nikashika lile kochi refu. Nilisukuma kwa mgongo, nikasukuma kwa miguu, nikalitukana kwa maneno niliyosikia kwa askari, likaingia nusu likanasa mlangoni, haliendi ndani wala halirudi nje. Hivyo ndivyo mama mkubwa alivyotukuta, mimi ndani, kochi mlangoni, yeye nje na jua limemchoma.

"Nani ameweka hii fotei mu mulango?"

"Ni miye."

"Juu ya nini?"

"Ikae fasi yake."

"Mutoto huyu! Na batu balale wapi?"

"Balale kwabo!"

Nilifumba macho kungojea kofi. Kwa neno kama lile, kwa mtu mzima, mbele ya majirani aliorudi nao, kofi lilikuwa haki yangu, na ninawaambia kweli nilikuwa nalitamani. Halikuja. Nilipofumbua macho mama mkubwa alikuwa amekaa juu ya mkono wa kochi, pale pale mlangoni, ananitazama. Mtoto aliyefiwa hapigwi. Hilo pia nilikuwa nalijua.

Walilitoa tena kochi. Hawakunigombeza. Sebule ikabaki tupu, imefagiliwa, magodoro yamepangwa ukutani hadi ukutani, na hakuna mtu ndani yake. Hiyo ndiyo sehemu iliyonitia wazimu, ule utupu uliokuwa umekaa tayari. Nilipita kwenye korido nikiwa nimegeuzia uso ukutani. Nilikataa kulala chumbani, nililala juu ya mfuko. Nilikuwa siwezi kukaa, siwezi kusimama, naanza mchezo naacha, namjibu mtu nusu. Mama mkubwa alikuwa akienda beach anarudi, anapika, anamwaga. Laiti mmoja wetu angefungua mdomo! Yeye alikuwa amesikia parokiani kwamba watu wa Goma wataletwa kwa boti na kila nyumba iwapokee inaoweza, akasema yeye atapokea wote watakaoenea sakafuni kwake. Kumbe alikuwa anawaandalia watu walio hai. Lakini hakutaka kuniambia "watakuja," halafu waje wote isipokuwa mama yangu.

Walikuja alasiri, mvua ikiwa imetoka kuacha. Nilikuwa uani nachimba udongo kwa kijiti. Nilisikia watu wakishuka njia yetu taratibu, kwa uangalifu, kama wanavyoshuka wageni wasiozoea vilima. Mbele alikuwa baba mkubwa na furushi la mtu kichwani. Nyuma yake mzee mmoja, wanawake, watoto wawili waliovaa sweta la mtu mzima kila mmoja. Na katikati yao mwanamke amevaa kitenge nisichokijua, miguu imevimba, nywele zina rangi ya vumbi, mtoto mgongoni. Alifika uani akasimama.

"Hunisalimie?" akasema.

Ilikuwa sauti ya mama yangu.

Ningependa kuwaambia nilimkimbilia. Sikukimbia. Miguu ilibaki pale. Nilifungua mdomo nimwite, na kilichotoka kilikuwa kilio. Si kile cha mtoto aliyeanguka. Kilikuwa kilio chenyewe, kile cha msibani, nilichokuwa nimesikia kwa wanawake wakubwa na nisijue kama nimekihifadhi, mikono kichwani na maneno yote.

"Mama weee! Mama yangu weee! Umeniacha na nani?"

Watu wakaganda. Mtaa mzima ulisikia. Majirani wakaanza kushuka mbio huku wanajifunga vitenge viunoni, mmoja akiwa tayari analia njiani, anauliza nani, ni nani. Mama mkubwa akanirukia akaniziba mdomo.

"Nyamaza! Unalilia mutu muzima? Unamuletea mukosi!"

Mama alinitoa mikononi mwake. Alimkabidhi mama mkubwa mtoto, akaingia sebuleni, akakaa chini kwenye godoro la kwanza alilolikuta, akanyoosha ile miguu, akanivuta mapajani.

"Mumuache alie, dada," akasema. "Na miye nataka kusikia."

Basi nikalia. Nililia kama wanavyofanya wanaojua kulia, nikimtajia mambo yake. Nani atanisuka nywele bila kunivuta. Nani atanifichia ukoko wa sufuria. Nani ataimba vibaya kanisani niaibike. Nani atanipiga kidole kichwani nikisinzia juu ya daftari. Wanawake waliokuja kwa msiba walisimama mlangoni hawajui wacheke au walie, wengi wakafanya vyote viwili. Kila nilipopungukiwa pumzi, mama aliinamisha kichwa karibu na mdomo wangu.

"Nini tena?" aliuliza.

Nikamwambia tena. Nani atanikataza kula udongo. Nani atasema hata mlima umewasha taa, ingieni ndani.

"Nini tena, mama?"

Nilipoishiwa kabisa, alinipangusa makamasi kwa kitenge kile cha watu, akaniambia papa ni mzima, amebaki Sake na wanaume wengine, na kwamba nyumba imeisha, hata mahali ilipokuwa hapajulikani. Alisema hivyo moja kwa moja, bila kukohoa wala kuzunguka, na nilikuwa sijala kitu. Kisha akaomba chakula. Tulikula pamoja kwenye sahani moja, sambaza zote, mimi nikimshika kitenge kwa mkono wa kushoto asisimame.

Hatukurudi Goma. Papa alitufuata, tukaota mizizi hapa kwenye vilima hivi, na mama aliishi miaka mingi baada ya siku ile. Akaja kufariki si zamani, kitandani kwake, sisi sote tukiwapo. Kwenye matanga yake wanawake wa ukoo walilia inavyopaswa, mdogo wangu yule wa mgongoni akalia hadi wakamtoa nje. Mimi nilikaa karibu na mama nikamshika mguu, kimya. Niliwasikia wakinong'onezana kwamba mtoto wake wa kwanza ana roho ngumu, mama yake mzazi amelala pale na hata neno moja hamwambii. Yangu alikuwa ameyasikia yote akiwa mzima, na aliniuliza mwenyewe, nini tena, mpaka nikaishiwa.